Mashua ya mashine kutoka Nungwi: kuukuu, bado imara

Rangi ya mashua hii ya futi 28, iliyopumzishwa Msasani, Dar es Salaam, ikisubiri mnunuzi, imepauka vibaya. Usiikimbie. Cha kuogopa ni chombo cha mbao kinachouzwa kikiwa kimetoka kupigwa puti na rangi nzito, maana puti huficha kalafati (pamba inayoziba maungio ya mbao) iliyooza. Hapa maungio yako wazi: pamba imejaa, haichomoki kwa ncha ya kisu.

Mafundi hawakubania mbao. Mkuku, uti wa mgongo wa chombo, ni gogo moja la mvule, na mataruma, yaani mbavu zake, ni matawi yaliyopinda yenyewe mtini, kwa hiyo nyuzi zake hazikukatwa na msumeno. Kasoro iko kwenye misumari. Mbao mbili za chini, zilizoshikana na mkuku, zina madoa meusi kuzunguka vichwa vya misumari: chuma kimeshika kutu, na kutu hula mbao iliyo jirani. Usipigilie msumari mpya kwenye tundu la zamani, utalegea. Toboa pembeni, tumia uliochovywa zinki, tundu la zamani lizibe kwa kijiti kikavu.

Kwenye tezi, yaani nyuma ya chombo, chini ya sitaha, kisu kinazama nusu inchi. Watu huogopa maji ya chumvi, kumbe mwozeshaji ni maji ya mvua yanayotuama. Ubao mmoja wa kubadilisha, taruma halijaguswa.

Injini ni Yanmar ya dizeli, silinda 2, inapozwa kwa maji ya bahari. Ikiunguruma taratibu haina neno. Ikipandishwa, mvuke mweupe unazidi na joto linapanda: elbo (kiwiko) ya ekzosi, bomba la moshi, imezibwa na chumvi na masizi. Ifungue kabla ya kulaumu pampu. Pakini ya shafti, kizuia maji pale shafti ya propela inapotokea nje, inadondosha tone moja moja, na ndivyo inavyotakiwa; ukiikaza ikauke, itakula shafti.

Mwendo ni noti (maili za baharini kwa saa) 6 hadi 7, kisiwa cha Bongoyo nusu saa hivi. Ukikaza zaidi kinachokimbia ni dizeli, si chombo.

Deheni, mpako wa chini wa chokaa na shahamu, ipakwe wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana: sogeza chombo ufukweni maji yakijaa, paka yakipwa. Kikikaa juani muda mrefu, kitavuja siku moja au mbili kikirudi majini, hadi mbao zivimbe. Kikivuja siku ya tatu, rudi kwenye kalafati.

Cheti cha TASAC, shirika linalosimamia usalama wa vyombo vya majini, ulizia kwanza, kisha bei ikatwe ubao mmoja, misumari na elbo.