Huduma ya kupangiwa matengenezo ya kinga kwa ukumbi wa bolingi: nyota 4 kati ya 5

Wadau wa bolingi, hasa nyie mnaoendesha ukumbi au mnaoshinda nyuma ya leni (zile njia za kurushia mpira) na spana mkononi, naweka hapa maoni yangu kuhusu huduma ya kupangiwa matengenezo ya kinga ambayo ukumbi wetu uliichukua. Jina la kampuni silitaji, naongelea kazi yenyewe.

Kilichonifurahisha kuliko vyote, mpango wao haufuati kalenda, unafuata fremu, yaani zamu za wachezaji kurusha. Kwingine unaletewa jedwali tu, kila mwezi grisi, baada ya muda fulani badili mkanda, leni zote sawasawa, wakati kila anayefanya kazi hii anajua kuna leni zinachapwa kutwa na kuna leni zinapumzika. Chukua usiku wa ligi, timu 2 za watu 5, kila mtu gemu 3 za fremu 10, leni 2, hapo kila leni inakula fremu 150 usiku huo mmoja, na ile ya mwisho kule ukutani pengine hata haijawashwa. Sasa hizo utazipigaje sevisi tarehe moja? Jamaa walianza kwa kusoma kaunta ya kila mashine ya kupanga pini (vile vigogo vinavyoangushwa na mpira), wakaandika, halafu ndo wakaanza habari za beringi na cheni.

Pili ni daftari la kukwama. Leni ikisimama fundi anaandika namba ya leni, saa, kilichokwama na alichofanya, basi. Inaonekana kazi ndogo ila ndo roho ya mpango mzima, manake fundi akiwa peke yake zamu ya jioni anachomoa pini iliyolala vibaya kwenye lifti ya kuzipandisha, anawasha, anakimbilia leni nyingine inayopiga kelele, na kesho yake hakuna anayejua kwamba mashine ile ile imekwama vile vile wiki nzima. Ukigawa fremu kwa idadi ya kukwama unapata namba moja ya kulinganisha mashine na mashine, na ile yenye namba ndogo ndo inafunguliwa kwanza. Hakuna kubishana tena ipi mbovu.

Halafu mafuta, na hapa nawavulia kofia. Mafuta ya leni yanalinda ubao na yanampa mchezaji nafasi ya kupindisha mpira, na hayapakwi hadi mwisho, mara nyingi yanaishia kwenye futi 40 hivi kati ya futi 60 za kutoka mstari wa faulo, ule ambao mrushaji haruhusiwi kuuvuka, hadi pini ya mbele. Ila mpira unayabeba yaani, unaingia nayo nyuma, yanakaa kwenye zulia linalozunguka, yanapanda kwenye pini, yanafika kwenye mikanda ya kurudisha mipira, na mikanda inaanza kuteleza. Mteja anasubiri mpira wake haurudi, watu wanalaumu mota. Fundi wao alifungua mashine moja iliyokuwa inasumbua akafuta mkanda kwa kitambaa cheupe, kikatoka cheusi na kimelowa, na mkanda wenyewe uso umeng'aa hauna kashikio kabisa. Badala ya kuuza mkanda mpya akaenda kwanza kuangalia mashine ya kusafishia leni, akakuta ile raba inayofyonza maji machafu imeliwa upande mmoja! Ndo maana wameweka usafi wa leni na sevisi ya mashine za nyuma kwenye mpango mmoja, na nadhani kila ukumbi ungefanya hivyo.

Usalama uko ukurasa wa kwanza kabisa: umeme unazimwa, swichi inapigwa kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwa yule anayeingia ndani. Mashine hizi haziulizi nani yuko ndani, mteja akirusha mpira zinaanza mzunguko. Hilo halina mjadala.

Sasa nyota moja nimeitoa wapi. Orodha yao ya spea ni ndefu mno na haina mpangilio, swichi ndogo inayoweza kusimamisha leni nzima imewekwa sawa na boliti za kufunikia mashine, kwa hiyo ukiwa na bajeti finyu hujui uanze na nini. Ilibidi tuipange upya wenyewe, vya kusimamisha leni juu, vingine baadaye. Na sehemu ya kukimbilia kabla ya kurusha wameipitia juu juu tu wakati soda ikimwagika pale kiatu kinanasa na mtu anaenda chini, ukaguzi wa pale ni wa kila siku kabla ya kufungua mlango. Pini nazo wamezigusa kidogo, ningependa waeleze vizuri kuzizungusha na kutoa zilizopasuka ngozi, maana vipande vyake vinaingia ndani ya mashine.

Kama mashine zenu ni zile za kamba, ambazo kila pini imefungwa kamba ya kuivuta juu, sehemu kubwa ya huu mpango haiwahusu, vyuma vyake ni vichache, mtaangalia zaidi kamba kuchakaa na kusokotana, kwa hiyo msikubali kuuziwa kifurushi kizima.

Kabla ya kusaini na yeyote mwambieni awaonyeshe daftari la kukwama la ukumbi mwingine anaohudumia, majina yafichwe sawa. Akikosa hata ukurasa mmoja uliojazwa kwa mkono wa fundi, tafuteni mwingine.