Kifaa cha HRV kwa anayenyanyua vyuma na kocha wa mbali: nunua hiki, acha kile

Malalamiko ninayoletewa siku hizi yanafanana. Mtu kanunua saa ya bei mbaya inayopima HRV, yaani jinsi muda kati ya mapigo ya moyo unavyobadilikabadilika; kila asubuhi inamwambia amepona kwa asilimia fulani, anapiga picha ya skrini na kumtumia kocha wake aliye mji mwingine. Kocha anauliza: sasa hii niifanyie nini?

Ana haki ya kuuliza. Hakuoni ukihangaika chini ya chuma cha skwati. Anachotaka ni muda kati ya pigo na pigo la moyo, kwa milisekunde, yaani RR. Humo ndimo inamotoka RMSSD, namba ya HRV inayoonyesha muda huo unavyotofautiana pigo hadi pigo, anayoilinganisha na wastani wako mwenyewe wa siku zilizopita ili aamue leo upewe seti nzito au upunguziwe. Ile asilimia ni mchanganyiko wa HRV, usingizi na mengineyo, na kampuni haisemi imechanganyaje. Kwa hiyo rangi na ukubwa wa skrini sitavigusa. Uliza kimoja tu: RR zinatoka, na zinamfikia kocha?

Namba moja ni Polar H10. Mimi ni mtu wa Polar, sifichi. Mkanda huu wa kifuani unasoma umeme wa moyo wenyewe, si mwanga unaopenya ngozi, na unatuma RR kwa Bluetooth kwenye programu kama Elite HRV. Lowesha elektrodi, upime ukiamka tu, kila siku katika mkao uleule. Mkanda mkavu huzua mapigo ya uongo, na katika kipimo cha dakika chache pigo moja lililorukwa linatosha kuipaisha RMSSD. Kocha atadhani umepumzika kumbe umechoka. Ukimaliza, bandua kile kidude cha katikati, la sivyo betri ya CR2025 itaendelea kuliwa bure.

Polar H9 inafuata. Haina kumbukumbu ya ndani na mkanda wake ni wa kawaida zaidi, lakini kwa kipimo cha asubuhi inatosha kabisa.

Ya tatu ni HRV4Training: unaweka kidole kwenye kamera ya simu. Programu ni ya kulipia, ila huna mkanda wa kufua.

Pete ya Oura hukupa RMSSD ya usiku, kwa ada ya kila mwezi. Apple Watch inaonyesha SDNN, kipimo kingine cha HRV, si RMSSD. Usikichanganye na cha mkanda. Whoop, bangili ya kulipiwa ada, ukiacha kulipia unabaki na bangili tu.

Mikanda ya Coospo na Magene ni ya bei nafuu. Hakikisha modeli unayouziwa inatoa RR. Basi.

Sasa wauzaji. Mnaweka picha ya mkanda, bei “njoo inbox”. Ukienda inbox unaulizwa uko wapi, halafu bei inategemea jibu. Ukiuliza kuhusu RR unaambiwa, “Inapima mapigo vizuri tu, dada.” Vya kulipiwa kila mwezi ndiyo usiseme: mteja anajua habari ya ada akishafika nyumbani, tena ada yenyewe ni ya dola na kadi. Ndiyo maana nasema nenda dukani na programu ikiwa tayari kwenye simu, vaa mkanda palepale, uone RR zikiingia, ndipo utoe hela. Akikataa kufungua boksi, aga uondoke.