Nilibana matumizi kwenye pawa saplai: uzoefu wangu wa kuunganisha kompyuta Dodoma

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi na sendofu. Mpaka mwaka jana nilikuwa naihangaikia kwa laptop iliyochoka. Nikiiagiza itoe video ya saa mbili, naiacha usiku kucha, feni inalia kama bajaji inayopanda mlima. Nikaamua kuunganisha mashine ya mezani, kifaa kimoja kimoja. Zile za mtumba zilizokamilika nilizokuta mjini zilikuwa za maofisini: kesi nyembamba isiyoingiza kadi ya grafiki (ile inayotoa picha kwenye kioo) ya maana, na pawa saplai, yaani boksi linalogawa umeme ndani ya mashine, isiyo na waya wa kuilisha hiyo kadi.

Prosesa, ubongo wa mashine, nilichukua AMD Ryzen 5 5600. Ina kori 6 na nyuzi 12 (viini 6 vinavyoshika kazi 12 kwa pamoja), inakadiriwa wati 65, na feni yake imo ndani ya boksi. Sijutii hata senti. Ila kuna mtego: tofauti na ndugu yake 5600G, hii haina grafiki ya ndani. Bila kadi, kioo hakionyeshi kitu. Mimi kadi niliihitaji kwa vyovyote, nikapata GTX 1660 Super ya GB 6, mtumba safi, na aliyeniuzia akakubali niiendeshe nusu saa ikiwa na mzigo kabla sijamtumia hela. Ramu, kumbukumbu ya muda ya mashine, ni GB 16 za aina ya DDR4, vijiti viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu viwili hupitisha data kwa njia mbili sambamba. Kama mazabodi yako, ule ubao mkuu vinapochomekwa vifaa vyote, ni ya DDR4, usirubuniwe na DDR5 ya bei nzuri. Ule mkato wake umekaa pengine, haiingii hata uisukume vipi.

Mazabodi ndiyo iliyoninyima usingizi wa kwanza. Niliagiza yenye chipu ya B450 kutoka Kariakoo, ikaja kwa basi, nikaipokea stendi ya Nanenane nikiwa na furaha ya mtoto wa Idi. Nyumbani nikachomeka kila kitu, nikawasha: feni zinazunguka, taa inawaka, kioo cheusi tii. B450 zilianza kutoka 2018, prosesa yangu ni ya 2022. Biosi, yaani programu ndogo ya mazabodi inayoiwasha mashine, ikiwa ya zamani haiitambui prosesa mpya. Fundi mmoja wa Area C akachomeka Ryzen ya kizazi cha nyuma, akapandisha biosi kwa flashi, akanirudishia. Elfu ishirini. Nikalipa bila kubishana.

Kesi nilinunulia hapahapa, maana zenye ubavu wa kioo sithubutu kuzipakia basi. Na kesi hiyo ilikuja na pawa saplai ndani yake, "ya bure", imebandikwa wati 500 kwa maandishi makubwa mekundu. Muuzaji akaniambia, "Kaka, hii inabeba chochote." Nikaokoa hela, nikajiona mjanja.

Siku tatu mambo shwari. Ya nne, naitoa video ya harusi ya watu wa Kisasa, imefika kama asilimia sabini, mashine ikazima ghafla na kujiwasha yenyewe. Nikasema umeme, lakini taa ya chumbani haikupepesa. Nikarudia, ikazima tena. Nikaanza kuilaumu ramu, nikailaumu kadi ya mtumba, hata programu nikaifuta na kuiweka upya. Bibi harusi ananipigia simu, nami namwambia bado narekebisha rangi.

Yule fundi wa Area C hakufungua hata programu moja. Alilegeza skrubu nne, akaitoa pawa saplai, akaipima kwa kiganja. "Braza, hii ni nyepesi mno. Soma hapa." Kwenye kibandiko cha pembeni, maandishi madogo: mstari wa volti 12, ampea 18. Zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Prosesa na kadi huvuta umeme wao mkubwa kwenye mstari huohuo wa volti 12. Kadi peke yake inakadiriwa wati 125, prosesa 65 na huzidi kidogo ikikazwa, bado feni na vinginevyo. Yaani nilikuwa nasimama ukingoni hata kama kibandiko kinasema kweli, na cha namna ile nisingekiamini. Zile 500 sijui walizijumlisha na nini.

Nikanunua ya wati 650 yenye nembo ya 80 Plus Bronze (cheti cha kutopoteza umeme mwingi), karibu laki mbili. Ukiishika unajua umeshika kitu. Tangu hapo haijazima katikati ya kazi hata mara moja.

Kuhusu vumbi, wa pwani wanaweza kuruka aya hii. Kuanzia Juni upepo wa Dodoma ukishika kasi, meza unayoifuta asubuhi jioni unaandikia jina. Nashukuru kesi yangu ina chujio mbele linalochomoka. Nimeweka feni mbili za kuingiza hewa mbele na moja ya kutoa nyuma, hivyo hewa hupenda kuingilia penye chujio kuliko kwenye matundu. Nalikung'uta kila Jumamosi ya pili, na linatoka jekundu.

UPS, lile boksi la betri linaloshikilia mashine umeme ukikatika, nayo isome vizuri. Yangu imeandikwa VA 650, na hizo si wati; wati zake hazifiki hata 400. Inanipa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kistaarabu, na sikuhitaji zaidi. Printa usiichomeke humo.

Kama ningeanza upya ningeweka ramu GB 32, maana nikifungua kamera tatu kwa pamoja mashine inaanza kusitasita. Video ya saa mbili sasa inatoka kabla chai haijapoa kwenye chupa. Ile pawa saplai ya bure fundi aliing'oa feni, boksi lake tupu akanirudishia. Nimewekea skrubu.