Maswali kumi ya Edinburgh: karatasi nzuri, mradi yuko wa kuipokea

Kazi yangu ni fomu. Natengeneza fomu za madai ya bima, nazisahihisha, nagombana na wanaozijaza ovyo, kwa hiyo nikipewa karatasi yoyote yenye visanduku huikagua kwanza ndipo nishike kalamu. Hii ninayoihakiki hapa niliijaza mimba ikiwa kubwa, nikaijaza tena baada ya kujifungua mtoto wangu wa pili, katika vituo viwili tofauti. Karatasi ilikuwa ileile. Kilichofuata baada ya kuijaza hakikufanana hata kidogo, na ndicho hasa kilichonifanya niandike.

Inaitwa Kipimo cha Sonona Baada ya Kujifungua cha Edinburgh. Walioitunga ni John Cox, Jeni Holden na Ruth Sagovsky, wakaichapisha mwaka 1987. Jina linasema baada ya kujifungua, lakini siku hizi hutumika hata kwa wajawazito, na ni vizuri, maana sonona haingoji mtoto atoke. Ina maswali kumi, kila swali lina majibu manne yenye alama 0 hadi 3, jumla kuu ni 30. Inauliza ulivyojisikia siku saba zilizopita, si leo peke yake. Dakika tano haifikishi.

Niseme sasa kama fundi wa fomu: walioiandika walimfikiria anayejaza. Vipimo vingi vya sonona huuliza kama umechoka, kama usingizi unapatikana, kama hamu ya kula ipo. Mwulize hayo mama mwenye kichanga! Kachoka, halali, anakula akikumbuka. Kwa kipimo cha namna hiyo kila mzazi ataonekana mgonjwa. Hawa waliyaweka kando maswali ya mwili wakabaki na ya moyo. Swali la saba ndilo ninalolipenda kuliko yote. Linagusa usingizi, ila halitaki kujua kama unalala; linataka kujua kama huzuni imekuzidi hata ukakosa usingizi. Mtoto amelala, nyumba iko kimya, na mama amekodolea macho dari: huyo ndiye anayetafutwa. Aliyeamshwa na mtoto usiku kucha, kisha akapata nafasi akalala fofofo, hana alama hapo.

Kingine ni mpangilio wa majibu. Katika swali la kwanza, la pili na la nne jibu la juu kabisa ndilo jema. Katika mengine jibu la juu ndilo baya. Ukiteremka na kalamu ukitia tiki mstari wa juu ili umalize uende zako, utajikuta na 21. Lazima usome. Mimi kwenye fomu zangu nimepigania jambo hilo miaka na miaka bila kufanikiwa.

Halafu kuna la tatu, la nne na la tano: kujilaumu bila sababu, kuwa na wasiwasi, kushikwa na hofu ya ghafla. Watu wengi wakisikia sonona ya uzazi hufikiria mama anayelia. Mimi sikulia. Swali la tisa, la kulia, nilipata 0 safi. Alama zangu karibu zote zilitoka kwenye hayo matatu, na kama fomu ingeuliza machozi tu ningepita kama mzima wa afya.

Kwa karatasi peke yake natoa nyota nne. Sasa huduma.

Kituo cha kwanza nilipewa karatasi nikiwa kwenye benchi, kati ya kupima presha na kupima mkojo, mume wangu kushoto na mama mwingine nisiyemjua kulia, wote wanasoma ninachoandika. Maelekezo ya kipimo yanataka mama ajaze mwenyewe bila kujadiliana na mtu. Nilitia sifuri kila mahali, kwa makusudi, na leo mtu akinichungulia hivyo nitatia sifuri vilevile. Muuguzi aliichukua, akaitoboa kwa mashine ya faili, akaifungia ndani. Hakujumlisha. Niko tayari kuapa hakujumlisha, maana macho yake hayakugusa karatasi. Nyota moja, na hiyo ni ya kalamu waliyonipa.

Kituo cha pili, wiki ya sita hivi baada ya kujifungua, mkunga alimwomba mume wangu amtoe mtoto nje kidogo wakapunge upepo. Akanipa karatasi na kitabu kigumu cha kuwekea mapajani, akageukia dirisha. Nilipomaliza, jicho lake halikuanza juu. Lilianza chini, swali la kumi, linalouliza kama umewahi kuwaza kujidhuru. Nilikuwa nimetia tiki kwenye "mara chache sana". Akasema, "Mama, tuanze na hili la mwisho, mengine yatangoja." Akaniuliza mawazo yenyewe ni yapi, yalikuja lini mara ya mwisho, kama nimewahi kupanga lolote, kama kuna siku nilikaribia. Aliuliza kwa sauti ileile aliyotumia kuniuliza kuhusu mshono. Sikutegemea kwamba kuulizwa waziwazi kungenipa nafuu, lakini nilipata. Baada ya hapo ndipo akajumlisha mbele yangu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, akaniambia jumla na maana yake: kwamba ile si hukumu wala jina la ugonjwa, ni sababu ya kuendelea kuzungumza.

Hapo ningependa wasomaji waelewe vizuri, maana nimeona watu wanapigana kwa namba. Waandishi wenyewe mwaka 1987 walikuwa na mpaka wa 13 kwenda juu. Uchambuzi mkubwa wa tafiti nyingi uliotoka mwaka 2020 uliona 11 kwenda juu inawanasa walio wengi bila kuwabebesha wazima jina la ugonjwa, na kuna vituo vinavyoanza na 10. Kwa hiyo mama mwenye 9 anayeona mambo hayaendi asirudishwe nyumbani kwa sababu ya namba, na mwenye 14 asiambiwe ana sonona kabla mtu hajakaa naye chini. Jibu lolote lisilo sifuri kwenye la kumi linataka mazungumzo siku hiyohiyo, hata jumla ikiwa ndogo. Anayesema ana mpango wa kujidhuru hasubirishwi miadi ya wiki ijayo. Anapelekwa hospitali sasa, na haachwi peke yake njiani.

Siku pia ina uzito. Wazazi wengi hulegea moyo kuanzia kama siku ya tatu, machozi karibu, hasira karibu, na ndani ya wiki mbili hali hiyo hupita yenyewe. Kumpa mama fomu hii akiwa bado wodini ni kupima wimbi hilo. Ikivuka wiki mbili, hilo ni jambo jingine.

Mkunga yule hakunipa kipeperushi chenye namba ya simu aniambie "ukijisikia vibaya piga". Nani mwenye sonona anapiga? Alipiga yeye, kesho yake, kisha wiki iliyofuata, na alipokuta simu yangu imezimwa akampigia mume wangu. Mimi ningekuwa na uwezo wa kuitunga fomu hii upya, ningeongeza mstari mmoja chini: jina la atakayekupigia, na siku.

Alinipeleka kwa mnasihi. Nilipotambua kwamba si daktari wa akili bali ni mhudumu wa afya aliyefunzwa, nilinuna. Baadaye nikajisomea. Kuna utafiti uliofanyika Pakistani vijijini, matokeo yakatoka mwaka 2008, ambapo wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa tiba ya mazungumzo na kuwatembelea akina mama wenye sonona majumbani. Mtoto akiwa na miezi sita, waliobaki na sonona kubwa walikuwa asilimia 23, ilhali kwenye kundi la kulinganishia walikuwa asilimia 53. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo uliotokana na kazi hiyo ili utumike kwingine. Nikanuna kidogo zaidi, kwa aibu ya kujiona, kisha nikaacha.

Shida yangu kubwa ilikuwa pumzi. Nilikuwa naweka kidole chini ya pua ya mtoto kuhakikisha anapumua, naondoka, narudi. Mnasihi hakuniambia niache. Aliuliza, "Ukishahakikisha, unatulia kwa muda gani?" Nikafikiri. Nikamjibu: mpaka nitoe mkono. Akaandika hilo. Kazi ya wiki hiyo ikawa kuchora karatasi yenye safu tatu, saa, nilichofanya, nilivyojisikia, na karatasi ikaonyesha kitu nisichokuwa nakiona: hofu ilipanda kila jioni, pale mume wangu anapoingia kazini zamu ya usiku. Hatukuanza na pumzi basi, tulianza na jioni. Dada yangu akawa anakuja saa hizo anamchukua mtoto, na mimi kazi yangu ikawa kukaa chumba kingine bila kwenda kuchungulia, kwanza kwa muda mfupi, tukiurefusha polepole. Siku za mwanzo ilikuwa mateso, sitadanganya.

Daktari aliongeza dawa, setralini. Niliogopa kwa ajili ya maziwa. Alinieleza kwamba ni miongoni mwa zile zinazochaguliwa kwanza kwa anayenyonyesha, kwa sababu kinachopita kwenye maziwa ni kidogo, kwamba huchukua wiki kadhaa kabla sijaona tofauti, na kwamba nisije nikaiacha ghafla hata nikijiona nimepona. Kabla ya kuandika cheti aliuliza kama mimi au ndugu wa damu tumewahi kuwa na vipindi vya kuchangamka kupita kiasi, kutolala na kutochoka. Swali hilo ni la maana: mwenye bipola, yaani ugonjwa wa kupanda hivyo kisha kuzama kwenye sonona, akipewa dawa za sonona peke yake anaweza kuvurugika zaidi. Fomu ya Edinburgh haiulizi hilo.

Na hapa ndipo nyota ya tano ilipopotelea. Kuna mambo ambayo karatasi haikuundwa kuyaona. Saikosisi ya baada ya kujifungua humpata mzazi mmoja au wawili kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza. Mama halali na wala haoni haja ya kulala, anaongea mfululizo, anasikia sauti, anaamini mambo ya ajabu kuhusu mtoto au kuhusu yeye mwenyewe, saa moja yuko sawa saa inayofuata humtambui. Usimpe huyo fomu. Ni dharura, hospitali leo, na mtoto asiachwe naye peke yao. Ikitibiwa mapema wengi hupona vizuri.

Tofauti kabisa na hiyo ni picha mbaya zinazomrukia mama kichwani, kwamba atamwangusha mtoto, kwamba kisu kitamponyoka. Zinamtisha mwenyewe, anazichukia, anaficha visu. Wazazi wengi sana huzipata na hawasemi wakihofia kunyang'anywa mtoto. Swali la kumi linahusu kujidhuru mwenyewe tu, kwa hiyo mama wa namna hii anaweza kujaza kweli tupu na bado asijulikane. Mnasihi wangu aliniuliza kwa mdomo. Kama wako hajakuuliza, mwambie.

Kulikuwa pia na kundi la akina mama kwa simu ya video. Hapo sina mengi. Mmoja wetu alikuwa na ushauri kwa kila mtu, msimamizi alichelewa kumkatisha, na nusu ya muda ulienda kwa "mnanisikia?" Ila kundi hilohilo la ujumbe, usiku wa manane, mkono mmoja unanyonyesha na mwingine unaandika, kukuta mwingine naye yuko macho, hilo lilinifaa kuliko vikao vyenyewe.

Mume wangu naye alijaza, mnasihi ndiye aliyependekeza. Kipimo hiki hutumika kwa akina baba pia, mpaka wa alama ukishushwa, na tafiti zinaonyesha kama baba mmoja kati ya kumi hupatwa. Alidhani ni mzaha mpaka alipofika swali la pili, la kutazamia mambo kwa furaha, akakaa nalo kimya muda mrefu kuliko nilivyokaa mimi. Sasa ana miadi yake.

Onyo moja kuhusu programu za simu zinazokupimisha maswali haya kisha zikadai pesa ili uone jumla. Ni alama kumi za kujumlisha, mtoto wa darasa la pili anaziweza. Waandishi waliruhusu karatasi inakiliwe bila kuomba kibali, mradi majina yao, jina la kipimo na mahali kilipochapishwa viandikwe kwenye kila nakala. Kituo chako kikisema hakina, chapisha ukurasa wako, ujaze ukiwa peke yako, uende nao, na umwombe anayeupokea aujumlishe ukiwa umekaa hapo hapo mbele yake.