Hodari Chini ya Lipu, Dhaifu Juu Yake: Tathmini ya Mkandarasi wa Ukarabati

Mkandarasi ninayemtathmini hapa alikabidhiwa nyumba iliyokuwa imeachwa bila matunzo kwa miaka mingi: paa likivuja, kuta zikiwa na unyevu, nyaya za umeme zikiwa za zamani na mabomba yakiwa yameliwa na kutu kwa ndani. Kazi hiyo aliikamilisha, nasi tunaishi humo. Jina lake silitaji, kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema ni lawama, na napenda yasomwe kama maelezo ya huduma. Katika kazi zinazofunikwa, yaani zile ambazo lipu, zege na dari vikishapita juu yake hakuna anayeziona tena, huduma yake ilikuwa ya kiwango cha juu sana. Katika umaliziaji na katika kuheshimu ratiba ilikuwa ya wastani, na mara nyingine chini ya wastani. Kwa mtu aliyenunua nyumba mbovu naamini upande wa kwanza una uzito mkubwa zaidi, kwa sababu rangi mbaya hupakwa upya wakati wowote, lakini bomba lililolazwa vibaya chini ya sakafu halirekebishwi bila kuivunja sakafu yenyewe.

Tuliomba makadirio kwa wakandarasi kadhaa. Wengi walizunguka vyumbani kwa haraka, kisha wakatuletea ukurasa mmoja wenye jumla moja chini, na karatasi ya namna hiyo haimsaidii mwenye nyumba, kwa maana bei inapobishaniwa baadaye hakuna pa kushika. Huyu alikaa darini na chini ya sakafu ya mbao muda mrefu kuliko aliokaa sebuleni. Alikuwa na tochi na bisibisi nyembamba, na kila alipofika kwenye kenchi aliichoma mbao kwa ncha ya bisibisi, hasa pale inapolala juu ya ukuta, kwa kuwa hapo ndipo maji ya paa bovu hukusanyika na mbao huanza kuoza wakati sehemu nyingine zote zinaonekana salama. Mbao nzima hugoma. Iliyooza au iliyoliwa na mchwa humeza chuma bila ubishi. Aliposhuka, alikuwa ametia alama ya chaki kwenye kila kipande cha kubadilishwa, na alama hizo ndizo zilizoingia kwenye makadirio: idadi ya mbao, vipimo vyake, dawa ya kuzuia wadudu na ufundi wa kuziweka.

Kilichonishawishi zaidi katika makadirio hayo ni orodha ya mambo aliyokataa kuyapangia bei. Aliandika waziwazi kwamba hawezi kujua hali ya mabomba yaliyozikwa wala ya ukuta ulio nyuma ya makabati kabla ya kufungua, akapendekeza tutoboe kwanza matundu machache ya ukaguzi, na tutenge akiba ya asilimia 15 hadi 20 ya gharama kwa ajili ya yatakayogunduliwa. Mtu mwenye haraka angeweza kudhani kwamba anajiachia mlango wa kupandisha bei. Mimi niliuona ni uaminifu, kwa sababu mkandarasi anayetaja bei kamili ya kitu asichokiona ama ameipandisha ili ajikinge, ama anatarajia kudai tofauti wakati paa limekwisha kuezuliwa na mwenye nyumba hana pa kukimbilia.

Juu ya nyufa alionyesha busara hiyohiyo. Kulikuwa na ufa uliopanda kwa mshazari kutoka pembe ya dirisha, ukifuata viungo vya matofali kama ngazi, na ufa wa namna hiyo mara nyingi huashiria kwamba msingi umetitia upande mmoja. Kwa kawaida ufa usiozidi milimita 5 huzibwa bila kuugusa msingi, na kuanzia hapo kwenda juu mashaka huongezeka. Lakini upana si kigezo pekee, kwa kuwa ufa mwembamba unaoendelea kufunguka ni wa kutisha kuliko mpana uliotulia tangu zamani. Badala ya kuuziba, alichora mistari ya penseli kuuvuka, akaandika pembeni tarehe na upana wake, na akashauri tumlipe mhandisi wa majengo asiye na uhusiano naye ili atoe maoni huru. Mhandisi aligundua kwamba bomba la maji ya mvua lililovunjika lilikuwa likimwaga maji kwenye kona ileile na kulainisha udongo unaobeba msingi. Bomba likatengenezwa, vipimo vikaendelea kuchukuliwa, ufa ukabaki vilevile, na ndipo ukashonwa kwa vyuma vyembamba vilivyolazwa ndani ya viungo vya matofali kabla ya kupigwa lipu. Wapo wakandarasi ambao wangetuuzia msingi mpya.

Unyevu wa kuta ndio uliompima kwa ukamilifu, na ndipo penye udanganyifu mwingi katika biashara hii ya ukarabati. Ukuta wenye unyevu unaweza kupakwa rangi ya kuzuia maji asubuhi, ukapendeza jioni, na mnunuzi wa huduma akaondoka ameridhika. Baada ya msimu mmoja rangi hufura, hubanduka, na chumvi nyeupe hutokeza kama ilivyokuwa. Chumvi hiyo ni ushahidi kwamba maji yanapita ndani ya ukuta: yanayeyusha chumvi zilizomo kwenye udongo na matofali, yanazibeba mpaka kwenye uso wa ukuta, kisha yanakauka na kuziacha hapo. Kwa hiyo swali la kwanza ni maji yanatoka wapi, na rangi haina jibu la swali hilo.

Mkandarasi wetu aliibandua lipu yote ya chini kufikia kimo cha kiuno, kisha akatoka nje na jembe. Aligundua kwamba kwa miaka mingi udongo wa bustani, pamoja na njia ya zege iliyomwagwa na mwenye nyumba aliyetangulia, ulikuwa umepanda na kuupita mkanda wa kuzuia unyevu uliowekwa ukutani na wajenzi wa kwanza. Mkanda huo haukuwa umeharibika hata kidogo. Ulikuwa umezikwa tu, na maji yakawa yanauruka. Ardhi ya nje ilichimbwa ikashushwa mpaka milimita 150 chini ya mkanda, ambayo ndiyo nafasi inayokubalika kwa kawaida, ikapewa mwinamo wa kuyapeleka maji mbali na nyumba, na mifereji ya paa ikatengenezwa. Hakuna dawa iliyodungwa ukutani wala rangi maalumu iliyonunuliwa. Baada ya hapo alitutaka tuvumilie, kwa sababu ukuta mnene ulioloa haukauki kwa siku chache. Kipimo ambacho mafundi wengi hukitumia ni takribani mwezi mmoja kwa kila milimita 25 za unene. Fundi rangi alikuwa tayari, nasi tulikuwa na hamu ya kuhamia, lakini mkandarasi alikataa katakata kuziba ukuta wenye maji. Ninamshukuru kwa kukataa huko kuliko kwa jambo lingine lolote alilolifanya.

Mabomba aliyashughulikia kwa nidhamu hiyo. Bomba la chuma lililokatwa bafuni lilikuwa na tundu la kupitisha maji linalokaribia unene wa kalamu, na sehemu yote iliyosalia ilikuwa imejaa kutu ngumu. Mwenye nyumba aliyetangulia alikuwa akilalamikia presha ya maji, kumbe presha ilikuwepo na njia ndiyo iliyokosekana. Mabomba ya maji safi yalibadilishwa yote. Bomba la majitaka la milimita 100 lililazwa kwa mwinamo wa sentimita 1 kwa kila sentimita 40, na msimamizi wake aliweka pima maji juu ya kila kipande mbele yangu kabla ya udongo kurudishwa. Mabomba ya maji safi nayo yalijazwa maji kwa presha iliyozidi ya kawaida na kuachwa usiku kucha na kipimo kikiwa kimefungwa. Sindano ilipokutwa asubuhi haijashuka, ndipo ruhusa ya kupiga lipu ilipotolewa. Kila ukuta ulipigwa picha kabla ya kufunikwa, futikamba ikiwa imenyooshwa kutoka kwenye kona, hivi kwamba leo nikitaka kutoboa tundu la kutundika rafu najua bomba na waya viko umbali gani. Huduma hii ya picha haikuwemo kwenye makadirio na haikulipiwa, na ningependa kila mkandarasi aifanye.

Kwa umeme alimwajiri fundi mwenye leseni, aliyeondoa nyaya zote za zamani zilizokuwa na ngozi ya mpira iliyokauka na kupukutika, akaweka waya wa kupeleka umeme ardhini ambao nyumba haikuwa nao kabisa, pamoja na swichi ya usalama inayokata umeme pale unapovuja kwa miliampea 30. Alikabidhi ripoti ya vipimo kwa kila njia ya umeme, yenye saini yake.

Jambo moja zaidi linastahili sifa. Katika kibanda cha nyuma kulikuwa na mabati ya zamani yaliyoshukiwa kuwa na asbesto. Vijana walikuwa wamekwisha kuleta misumeno, naye mkandarasi akawasimamisha, akatuma kipande kidogo maabara, na kazi ya kuyaondoa ikapewa wataalamu wenye vifaa vya kujikinga. Aina zote za asbesto husababisha saratani, na hatari yake huwa kubwa zaidi inapokatwa au kuvunjwa na vumbi lake kuvutwa puani. Kusimama huko kulimgharimu muda, lakini hakulalamika.

Sasa lawama. Ya kwanza inahusu kazi za ziada. Mkataba ulisema kwamba badiliko lolote litaandikwa, litapangiwa bei na kutiwa saini kabla halijaanza, na mkandarasi mwenyewe ndiye aliyekiandika kifungu hicho. Hata hivyo msimamizi wake alizoea kunipigia simu kueleza kwamba ukuta fulani umeonekana dhaifu, na nilipofika kesho yake nilikuta umekwisha kubomolewa na kujengwa upya, hesabu ikifuata baadaye. Kazi yenyewe ilikuwa nzuri na pengine ilihitajika, lakini mteja aliyenyimwa nafasi ya kuuliza na kulinganisha hawezi kujua. Tulikataa kulipia kazi mbili za namna hiyo mpaka zilipopewa mchanganuo wa vifaa na siku za mafundi, na mchanganuo ulipofika, hesabu ilikuwa imepungua waziwazi. Mkandarasi aliomba radhi na utaratibu ukanyooka, ingawa haikupasa mteja ndiye amkumbushe mkandarasi kifungu alichokiandika mwenyewe.

Ya pili ni ratiba. Awamu ya paa na ya msingi zilikwenda kwa kasi, kwa kuwa malipo yake yalikuwa makubwa na mafundi walikuwa wengi. Baada ya lipu, kundi lilianza kupungua. Yawezekana walihamishiwa kwenye nyumba nyingine iliyokuwa inaanza, na kwetu akabaki fundi mmoja na saidia fundi wake. Kuchelewa kunakotokana na ukuta kukauka nakuelewa na nimekusifu. Kuchelewa kunakotokana na mafundi kutofika, bila simu wala maelezo, ni kutomheshimu mteja anayelipa kodi ya nyumba nyingine huku akiingojea yake.

Ya tatu ni umaliziaji, na hapa nitasema wazi kwamba timu yake ya marumaru na rangi haifanani na ile ya mabomba. Nilipogonga sakafu ya bafu kwa mpini wa bisibisi, marumaru kadhaa zilitoa sauti ya uwazi, ishara kwamba gundi haikuenea chini yake, na marumaru ya namna hiyo hupasuka kitu kizito kinapoiangukia. Mwinamo wa sakafu hiyo nao ulikosewa, maji yakawa yanatuama kwenye kona iliyo mbali na tundu la kutolea maji. Milango miwili ilikuwa ikigusa fremu, na rangi ya fremu za madirisha ilikuwa imepakwa juu ya vumbi la msasa ambalo bado linahisika kwa kidole.

Kasoro hizi zilirekebishwa karibu zote, na kilichosaidia ni mpangilio wa malipo. Malipo ya awali yalikuwa madogo, mengine yalitolewa baada ya kila awamu kukaguliwa, na asilimia 10 ya jumla ilizuiwa: nusu ikalipwa siku ya makabidhiano, na nusu ikabaki mpaka kipindi cha dhamana cha miezi 12 kimalizike. Siku ya makabidhiano tulizunguka chumba kwa chumba na karatasi, tukafungua kila koki, kila swichi na kila dirisha, na orodha iliyopatikana ikasainiwa na pande zote mbili. Sakafu ya bafu ilivunjwa na kuwekwa upya kwa gharama yake, bila mabishano. Baadaye, ndani ya kipindi cha dhamana, dari ya ukumbi ilitoa doa. Mkandarasi alikuja mwenyewe, akapanda juu ya paa, akakuta kigae kimoja kimesogea kwenye bonde linalounganisha mapaa mawili, akakirudisha na kuipaka dari rangi.

Nikipata tena nyumba ya kukarabati, nitampa mkandarasi huyu paa, msingi, kuta, mabomba na umeme bila kusita, kwa masharti kwamba kazi za ziada zisianze kabla ya saini na kwamba idadi ya mafundi kwa kila awamu iandikwe kwenye mkataba. Marumaru, milango na rangi nitawatafutia mafundi wengine mimi mwenyewe, na mkataba wao utakuwa mbali na wake. Madirisha nayo yamebaki kama alivyoyaacha. Alijitolea kuyapiga msasa na kuyapaka upya, lakini tulipendelea kumlipa mwingine.