Tuzo ya uandishi wa habari au ufadhili wa masomo: fedha ziende wapi?

Mfadhili mwenye mfuko wa kudumu (mtaji unaowekezwa ili utoe fedha kila mwaka) wa dola 250,000, akichota asilimia 4 kwa mwaka, anapata dola 10,000 za kutumia. Kwa tuzo zinatosha: 6,000 kwa mshindi, zilizobaki zilipe majaji na hafla. Mwaka ukiwa mbaya, kiasi hupunguzwa kabla ya kutangaza mashindano, na hakuna anayeumia.

Ufadhili wa masomo hauna nafasi hiyo. Kumpokea mwanafunzi wa miaka mitatu ni kuahidi miaka yote mitatu, na karo hupanda katikati. Kwa hiyo tenga fedha zote za kundi moja kabla ya kupokea kundi jingine; mifuko mingi hukwama hapa. Karo ilipwe chuoni moja kwa moja, posho kwa mwanafunzi kila muhula baada ya matokeo. Usisahau mwanya wa kuahirisha masomo kwa ugonjwa, la sivyo mkataba utamfukuza mtu asiye na kosa.

Tuzo ina ugonjwa wake: mfadhili kujipenyeza. Asikae kwenye jopo, na jaji ajitoe kazi ya chombo chake cha habari inapojadiliwa. Ada ya kushiriki nayo huwafungia nje waandishi wa kujitegemea.

Joseph Pulitzer, mmiliki wa magazeti wa Marekani aliyefariki 1911, aliweka vyote viwili katika wosia wake, tuzo na ufadhili wa safari za masomo. Tuzo za kwanza zilitolewa 1917. Lakini mtaji wake ulikuwa mkubwa. Mwenye mtaji mdogo aanze na tuzo.