TAHADHARI: "Wakala" wa ukaazi wa Canada hapa Zanzibar, kanilia pesa na kanilia siku

Assalaam aleikum ndugu zangu. Naandika khasa kwa Wazanzibari wenye ukaazi wa kudumu wa Canada ambao kwa sababu moja au nyengine mpo nyumbani sasa, Unguja au Pemba, na kwa waume, wake na watoto wenu wanaosubiri kuitwa. Kuna mtu mjini anajiita wakala wa uhamiaji. Jina lake silitaji hapa kwa sababu shauri nimeshalipeleka polisi na sitaki kuliharibu. Lakini namna anavyofanya kazi nitaieleza yote, na mkikutana naye mtamjua.

Watu wakisikia wananiuliza kwanza pesa. Ni shilingi 5,500,000, kwa mafungu matatu. Fungu la kwanza, 1,800,000, zilitoka kwenye karafuu za kaka yangu, na bado nadaiwa. Hata hivyo pesa siyo iliyoniumiza zaidi. Aliniweka nyumbani miezi sita nikimsubiri yeye, na ndani ya miezi hiyo haki yangu ya kurudi ikawa inapungua kila siku bila mimi kujua.

Mimi ni mtoto wa Wete. Niliingia Canada Juni 2018 nikiwa tayari mkaazi wa kudumu, nikafanya kazi ya kutunza wazee Ottawa. Tarehe 15 Februari 2022 nikarudi, mama amepooza upande mmoja na binti ni mimi peke yangu. Nilipanga miezi sita. Ukapita mwaka, nikaolewa, nikapata mtoto, na mama bado ni wa kugeuzwa kitandani na kulishwa kwa kijiko. Kadi yangu ya ukaazi ikaisha muda katikati ya 2023, ipo kabatini kwenye mfuko wa nailoni pamoja na hati za shamba. Kila nikiiona moyo unashtuka, naufunga mlango wa kabati.

Oktoba 2024 jirani akanielekeza kwa bwana huyu. Ofisi ya ghorofani, kibendera cha Canada mezani, maneno ya upole, kila baada ya sentensi mbili "inshallah". Akaishika kadi yangu, akaigeuza mara moja, akasema: "Dada, hii imekufa, na ukaazi wako umekufa nayo. Lakini mimi nitakufufulia."

Uongo. Kadi ikiisha muda, ukaazi hauishi. Kadi ni ya kuonyesha tu, kama vile kitambulisho cha Mzanzibari kikiisha muda huachi kuwa Mzanzibari. Ukaazi hauondoki wenyewe: mpaka ofisa aamue rasmi kwamba hukutimiza masharti, na hapo una haki ya kukata rufaa, au wewe mwenyewe uukatae kwa maandishi, au upate uraia. Mwenye kadi iliyoisha akiwa nje anaomba hati ya safari ya mkaazi wa kudumu, ada yake dola 50 za Canada, kisha anapanda ndege. Dola 50 tu, jamani.

Sharti lenyewe ni siku. Ndani ya kila miaka 5 uwe umekaa Canada siku 730. Hazitakiwi ziwe mfululizo. Ofisa anasimama kwenye siku anayokukagua, anarudi nyuma miaka 5, anahesabu. Siku nilipokaa kwenye kiti cha yule bwana nilikuwa na siku kama 850 ndani ya miaka 5 yangu. Nilikuwa na akiba! Mtu mkweli angeniambia: "Dada, unazo siku 120 na kidogo, omba hati ya safari wiki hii hii, mwachie kaka mama, panda ndege." Yeye akaniambia nisisafiri kabisa, eti nikionekana uwanja wa ndege kabla faili halijafunguliwa nitapigwa marufuku maisha. Nikakaa. Nikamwamini kwa sababu nilikuwa naogopa, na aliniona ninaogopa.

Fungu la pili lilikuwa 2,500,000, "kufungua faili la mume na mtoto". Hapa nawaomba msome kwa utulivu, maana ndipo anapowapata wengi. Mkaazi wa kudumu anayeishi nje ya Canada HAWEZI kumdhamini mtu. Lazima awe anaishi kule. Raia wa Canada ndiye anayeweza kuanza udhamini wa mume, mke au mtoto akiwa nje, na yeye pia lazima athibitishe kwamba watakapopata ukaazi atakuwa anaishi nao kule. Mimi si raia. Kwa hiyo lile faili lisingeweza kuwepo hata angekuwa mtu mwema. Alipoona mama yangu anaumwa akasema naye tumuweke kwa laki tano za ziada. Wazazi wana mpango wao mbali, unaingia kwa kualikwa tu, na mdhamini anatakiwa aonyeshe kipato chake cha kule. Akanambia hata mtoto wa dada wa mume wangu tumwandike kuwa wangu, cheti cha kuzaliwa "kinatengenezeka". Hilo nililikataa palepale, na nashukuru, kwa sababu ofisa anaweza kutaka kipimo cha vinasaba, na kudanganya kwenye maombi adhabu yake ni kuzuiwa kuingia Canada miaka 5.

Fungu la tatu ni 1,200,000, "ada ya ubalozi". Nikatuma kwa simu. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke nisiyemjua, nikamuuliza yule bwana, akasema ni mhasibu wake. Ada za uhamiaji za Canada unazilipa mwenyewe mtandaoni, kwenye tovuti ya serikali yao, na unapata risiti yenye jina lako. Hakuna ofisa wa uhamiaji anayepokea pesa za simu za mtu binafsi.

Baada ya wiki mbili akaniletea barua. Ninayo hapa mbele yangu. Karatasi nzuri, jani jekundu juu, muhuri wa bluu uliovuja wino pembeni. Juu imeandikwa kwa Kiingereza "Embassy of Canada". Nchi za Jumuiya ya Madola zikiwekeana mabalozi, ofisi haiitwi hivyo, inaitwa "High Commission", na ndivyo inavyoitwa ile ya Canada pale Dar es Salaam. Kiswahili chetu kinasema ubalozi kote, ndiyo maana sikuona kitu. Chini pana barua pepe ya bure kama yangu na yako, haikuishia na jina la serikali yao. Na jina la mji niliokaa miaka mitatu na zaidi limeandikwa "Otawa", kwa t moja. Niliiona ile t. Nikajiambia ni makosa ya uchapaji.

Machi 2025 akaja na jengine: niongeze laki nane anitafutie barua ya ajira ya kampuni ya Canada inayofanya utalii hapa, ili siku zangu za Pemba zihesabiwe kama nipo Canada. Ujanja wake hapa ni kwamba ameuchukua ukweli akaupindua. Ni kweli siku za nje zinaweza kuhesabiwa, kama umeajiriwa muda wote na kampuni halisi ya Canada au serikali yao, na wao ndio waliokupeleka nje. Vilevile zinahesabiwa kama unafuatana na mume au mke ambaye ni raia wa Canada. Mke wa mtu mwenye uraia aliyefuatana na mumewe Chake Chake siku zake zinakwenda vizuri kabisa, asikubali kutishwa. Lakini barua ya kununuliwa ni uongo wa kutiwa saini na wewe mwenyewe, na atakayeulizwa ni wewe.

Nikampigia rafiki yangu aliyeko Toronto. Hakuniuliza habari za faili. Aliuliza: "Umehesabu siku?" Usiku ule nikachukua kalenda ya msikiti ukutani na daftari, nikahesabu kwa kalamu mwezi baada ya mwezi. Siku 730 zangu zilikuwa zimetimia mpaka katikati ya Februari 2025. Baada ya hapo kila siku iliyopita ilinipunguzia moja. Nilikuwa nimechelewa kwa wiki tano. Mama alikuwa macho, akaniuliza nalia nini, nikamwambia kichwa kinaniuma.

Sasa dalili zake, haraka haraka. Anakwambia usiandike jina lake popote kwenye fomu. Mshauri halali anaandikwa, ipo fomu yake maalumu, na mwenye kujificha anajua kwa nini. Wanaoruhusiwa kukuwakilisha kwa malipo ni mawakili wa sheria wa kule na washauri waliosajiliwa na chombo chao kinachoitwa CICC, na daftari la majina liko wazi mtandaoni, unatafuta bure. Nilipolitafuta jina lake halimo. Anakimbilia WhatsApp, na anafuta ujumbe wake baada ya wewe kuusoma, kwa hiyo piga picha kila anachokuandikia. Nasikia sasa anapokea watu Chake.

Na anakaa na pasi yako. Hili ndilo baya kuliko yote, maana bila pasi huwezi kuomba hati ya safari wala kuondoka. Yangu alikaa nayo miezi sita, nikiidai ananambia ipo Dar.

Kwa aliye katika hali yangu, ambaye siku zimeshapungua: usitie uongo hata wa siku moja. Omba hati ya safari kwa hesabu ya kweli, ueleze kwa nini ulibaki. Ofisa anaruhusiwa kuangalia sababu za kibinadamu na maslahi ya mtoto. Mimi nimeambatanisha karatasi za hospitali za mama tangu 2022, barua ya sheha na cheti cha kuzaliwa cha mwanangu. Wakinikatalia nina siku 60 za kukata rufaa. Nasubiri jibu.

Kama umeshampa pasi, usimpigie simu kumtishia, atakukimbia. Nenda asubuhi bila taarifa, na usende peke yako. Mimi nilikwenda na mjomba wangu na sheha wetu, tukakaa kitako pale ofisini mbele ya wateja wake wengine, sheha akaomba pasi kwa adabu mara moja tu. Ilitoka kwenye droo ya meza yake, haikuwa imefika Dar wala popote. Chini yake niliziona pasi nyengine nne. Kama mojawapo ni yako, niandikie, nitakupeleka mwenyewe.